Limbukeni na Mzoefu Baharini: Tajriba ya Mtalii na Mwenendo Wake mbele ya Wanyama wa Bahari

Utangulizi

Kizimkazi ni jina ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hulikuta mapema katika masomo yake. Huko, kusini mwa kisiwa cha Unguja, ndiko uliko msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na maandishi hayo hutajwa kila historia ya upwa wa Waswahili inapojadiliwa. Hata hivyo, wageni wengi wanaofika Kizimkazi siku hizi hawaufuati msikiti, wanawafuata pomboo. Hadi katikati ya miaka ya 1990 wavuvi wa eneo hilo walikuwa wakiwawinda pomboo na kuifanya nyama yao kuwa chambo cha papa. Biashara ya kuwapeleka watalii kuwatazama, iliyoanza mapema katika mwongo huohuo, ilimfanya pomboo aliye hai awe na thamani kuliko aliyekufa. Mnamo mwaka 1997 Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi.

Hadi hapo kisa ni cha kufurahisha. Lakini mkuki ulipowekwa chini, injini ilishika nafasi yake. Boti huwafukuza pomboo, hupita mbele yao na kuwashusha waogeleaji katika njia yao, na wanyama wakizama upande mmoja boti huzunguka kuwangoja upande wa pili. Christiansen na wenzake (2010) walionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwapo, pomboo wa pwani hiyo hupunguza kupumzika, kula na kuchangamana, wakazidisha kusafiri tu. Kabla yao, Stensland na Berggren (2007) walikuwa wamewachunguza majike wenye watoto wanaonyonya na kuona kuwa mwenendo wao hubadilika shughuli za watalii zinapozidi. Aliyeepushwa na mkuki sasa ananyimwa usingizi.

Utafiti wa aina hii humtazama mnyama. Makala haya yanamgeukia yule aliye ndani ya boti. Je, tajriba ya mtalii, yaani kuwa amewahi au hajawahi kukutana na wanyama wa bahari, inaathiri vipi mtazamo wake juu yao na matendo yake mbele yao? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba mzoefu ana adabu na limbukeni ni mharibifu. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote, na sehemu inayosazwa ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Uzoefu, Ulimbukeni na Ubobezi

Yafaa kuanza na maneno yenyewe, kwani Kiswahili kinaujua mgogoro huu kuliko inavyodhaniwa. Kitenzi kuzoea kina nyuso mbili. Aliyeizoea kazi ameimudu. Mikono yake haitetemeki tena. Lakini aliyemzoea mtu huenda amekwisha kumvunjia heshima, na mzee anapomwambia kijana "usinizoee" hamkatazi kujifunza bali anamkataza kuvuka mpaka. Wahenga walipolonga kuwa mazoea yana tabu hawakuwa wakimsema mjinga. Walimsema yule ajuaye, ambaye kujua kwake kumemwondolea woga. Neno limbukeni nalo lina asili yake katika kulimbuka, yaani kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Limbukeni hana nia mbaya. Amezidiwa na ladha ya mara ya kwanza tu, na hajui ashike nini aache nini.

Katika taaluma ya utalii, dhana inayotumiwa sana ni ile ya ubobezi. Kwa mujibu wa Bryan (1977), aliyewachunguza wavuvi wa samaki aina ya trauti katika majimbo ya magharibi ya Marekani, washiriki wa burudani moja hawafai kutiwa katika kapu moja. Yupo anayevua mara mojamoja, asiyejali chombo wala mahali mradi arudi na samaki. Mwisho wa ngazi yupo anayechagua mto maalumu na chambo maalumu, ambaye furaha yake haimo tena katika wingi wa samaki bali katika namna ya kuvua na mandhari ya kuvulia. Kadiri mtu anavyoipanda ngazi hiyo, ndivyo hamu ya kutwaa inavyopungua na hamu ya kuhifadhi inavyozidi.

Duffus na Dearden (1990), wataalamu wa Kanada, waliihamisha ngazi hiyo kutoka kwa wavuvi hadi kwa watazamaji wa wanyama. Duffus alikuwa amewachunguza watu waendao kuwatazama orka katika mlangobahari wa Johnstone, jimbo la British Columbia, karibu na ghuba ya Robson Bight ambayo tangu mwaka 1982 imehifadhiwa kwa sababu orka huja kujisugua kwenye changarawe za ufuo wake. Walipendekeza kwamba watalii wa wanyama wapangwe kati ya ncha mbili: mbobezi, anayemfuata mnyama fulani kwa makusudi na kwa maarifa, na msafiri wa kawaida, ambaye mnyama ni mojawapo tu ya mambo ya likizo yake.

Ifahamike hata hivyo kwamba ubobezi si kitu kimoja. Ndani yake mna idadi ya safari, ustadi wa mwili, maarifa, vifaa, na uzito wa shughuli hiyo katika maisha ya mtu, na hivi havikui kwa pamoja. Mtu aliyepiga mbizi mara mia mbili kwa mtungi wa hewa anajua kuutawala mwili wake chini ya maji, lakini siku anapokutana na nyangumi kwa mara ya kwanza ni limbukeni sawa na mtoto. Mvuvi wa Wasini ambaye hajawahi kuuvaa mtungi huo huenda akamtambua pomboo kwa sauti ya pumzi yake tu. Kwa hivyo dodoso linalomuuliza mtalii amesafiri mara ngapi, kisha likamwita mzoefu au limbukeni kwa jibu hilo pekee, limepima kitu kidogo sana.

Wanachokitaka Baharini

Tofauti ya kwanza kati ya makundi haya imo katika kipimo cha siku njema. Limbukeni huipima siku kwa umbali: alimkaribia mnyama kiasi gani, alimgusa au hakumgusa, picha ilitoka au haikutoka. Humtaka mnyama mkubwa mwenye jina: pomboo, nyangumi, kasa, au yule papa mkubwa kuliko samaki wote ambaye wavuvi wa Mafia humwita potwe, na ambaye katika pwani ya Kenya hujulikana pia kama papa shilingi kwa sababu ya madoa yake yaliyo kama sarafu. (Majina haya ya wavuvi yangestahili makala yake, kamusi zetu bado zina deni kwa bahari.) Mzoefu kwa kawaida amekwisha kushiba vikubwa. Yeye huweza kumaliza mbizi nzima akimtafuta farasi wa bahari asiyezidi urefu wa kidole, na akaiita siku hiyo njema ingawa wenzake watasema hakuona kitu.

Tofauti ya pili imo katika huduma. Msafiri wa kawaida anahitaji gati, choo, kivuli, chakula cha mchana na mtu wa kumsimulia. Mbobezi anahitaji kidogo na yu tayari kutaabika. Tofauti ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha mtazamo, ni kuhusu masharti. Mzoefu huelekea kuyaunga mkono masharti makali, hata yanayomzuia yeye mwenyewe, kwa kuwa ameona mahali palipoharibika akaweza kupalinganisha na palipokuwa pazima. Limbukeni hana cha kulinganisha.

Chukua mfano wa Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, kusini mwa pwani ya Kenya. Wengi wa wanaoitembelea hutoka katika hoteli za Diani na kuondokea Shimoni. Huogelea kwa mrija na miwani juu ya matumbawe saa chache, hula Wasini, kisiwa ambacho mwanafunzi wa lahaja anakijua kwa Kivumba chake, na jioni wamerudi hotelini. Mgeni kama huyo akiona boti sita zimemzingira pomboo mmoja hana njia ya kujua kwamba sita ni nyingi. Kwake, hivyo ndivyo bahari ilivyo. Hatakasirika wala hatalalamika. Ataondoka ameridhika kabisa, na karatasi ya maoni itaandika kuridhika kwake.

Mtazamo na Tendo

Kama mambo yangeishia kwenye mitazamo, ingetosha kusema kwamba wageni wakomazwe na bahari itapona. Lakini mtu husema analoamini na mkono ukafanya jingine. Hali hii inaonekana wazi zaidi kwa wapiga mbizi kwenye matumbawe, kwa sababu huko tendo linahesabika: mtafiti anaweza kumfuata mtu na kuhesabu ni mara ngapi amegusa, amepiga teke au amevunja.

Barker na Roberts (2004) waliwafuata wapiga mbizi 353 katika kisiwa cha St Lucia, Karibi. Takriban watatu kati ya kila wanne waliugusa mwamba angalau mara moja, na sehemu kubwa ya miguso hiyo haikukusudiwa. Ilikuwa ya mapezi ya kuogelea yanayovaliwa miguuni. Hapa ustadi una kazi: asiyejua kuelea vizuri atapiga mateke hata akiwa na imani ya mtakatifu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba waliobeba kamera waligusa zaidi ya wasiobeba. Rouphael na Inglis (2001), waliofanya kazi yao katika Mwamba Mkuu wa Australia, walikwenda mbali zaidi wakawatenganisha wapiga picha. Waliowazidi wengine kwa kuvunja matumbawe walikuwa wapiga picha mabingwa, wenye vifaa maalumu.

Matokeo hayo yanahitaji kutafakariwa. Mpiga picha bingwa ndiye aliye juu ya ngazi ya Bryan. Ana safari nyingi, ana vifaa vya bei ghali, ana maarifa, na bila shaka akiulizwa atasema matumbawe yalindwe. Lakini anamtaka kiumbe mdogo aliyejificha, anahitaji kutulia mbele yake, na ili atulie anashika, anaegemea, anapiga goti. Uso wa pili wa kuzoea ndio huu. Woga wa limbukeni, anayeelea mbali kwa kuwa hajui kilichoko chini, humlinda yeye na huyalinda matumbawe. Mzoefu ameupoteza woga huo, na kilichobaki kumzuia ni nidhamu, nayo hulegea mbele ya picha nzuri.

Hali kadhalika, uzoefu huzaa hisia ya haki. Aliyekuja mara nyingi huanza kuona kwamba masharti yamewekwa kwa ajili ya wengine: yeye anajua pomboo akasirikapo, yeye anajua mahali pa kushika bila kuvunja. Huenda ni kweli anajua. Lakini walio naye kwenye boti hawaoni maarifa yake; wanauona mkono wake, nao wanajifunza kutokana nao kwamba kumbe kushika kunaruhusiwa.

Mzoefu Anapohama

Lipo jambo jingine ambalo halionekani mtu akichunguzwa peke yake. Butler (1980) alieleza jinsi kivutio cha utalii kinavyopita katika awamu: hugunduliwa na wachache, kikajulikana, kikajaa, na hatimaye kikachakaa au kikafufuliwa. Duffus na Dearden waliunganisha mkondo huo na ngazi ya ubobezi. Wa kwanza kufika ni wabobezi. Habari zikienea, huja wasafiri wa kawaida pamoja na mahitaji yao ya gati na kivuli. Wabobezi huona msongamano, hukereka, huhama kutafuta pengine. Pale penyewe hubaki na wageni wasiokerwa.

Maana yake ni nzito. Mahali panapoharibika polepole hupoteza kwanza wale ambao wangeweza kutambua kwamba panaharibika. Kiwango cha kuridhika hakishuki, kwa kuwa waliokuwa wasiridhike wamekwisha kwenda, na waliobaki hawana kumbukumbu ya awali. Pauly (1995) alilizungumzia jambo la jamaa na hili katika taaluma ya uvuvi: kila kizazi cha wataalamu huuchukua wingi wa samaki waliokuwapo kilipoanza kazi kuwa ndio wingi wa kawaida, na hivyo upungufu wa karne hauonekani kwa macho ya mtu mmoja. Kwa mtalii, kizazi ni mchana mmoja. Ndiyo sababu msimamizi wa hifadhi anayejivunia wageni walioridhika anajivunia kitu kisichomwambia lolote kuhusu pomboo.

Katika hifadhi ya Ningaloo, magharibi mwa Australia, watu huogelea na potwe, na Catlin na Jones (2010) waliwalinganisha watalii wa mwaka 2005 na wale wa 1995. Mabadiliko yaliyotabiriwa yalionekana: wageni walikuwa wamesogea kutoka upande wa wabobezi kuelekea upande wa wasafiri wa kawaida. Tofauti na Kizimkazi ni kwamba Ningaloo haikuacha adabu mikononi mwa wageni hao. Tangu mwaka 1993 boti hufanya kazi kwa leseni. Waogeleaji hawazidi 10 kwa potwe mmoja kwa wakati mmoja. Hukaa mita 3 kutoka mwilini mwake na mita 4 kutoka mkiani, hawamgusi, hawatumii mwanga wa kamera, na boti moja tu huruhusiwa karibu naye. Mbobezi na limbukeni hupokea maneno yaleyale.

Maneno ya Nahodha

Je, maneno yana nguvu gani? Swali hili linawahusu wanafunzi wa lugha kuliko wanavyodhani, nao utafiti una majibu mawili yanayoonekana kupingana. Medio na wenzake (1997), katika Hifadhi ya Ras Mohammed nchini Misri, waliwapa wapiga mbizi maelezo ya dakika 45 yenye picha, yakieleza uhai wa matumbawe na madhara ya kuyagusa, kisha wakaonyeshwa majini kipi ni kiumbe hai na kipi ni jiwe. Miguso ilishuka kutoka wastani wa 1.4 hadi 0.4 kwa kila dakika 7. Kwa upande mwingine, Barker na Roberts walikuta kwamba tahadhari fupi iliyotiwa katika maelezo ya kawaida ya kabla ya mbizi haikubadili chochote. Kilichobadili ni kiongozi aliyemwona mtu akigusa akamkanya palepale: miguso ilishuka kutoka 0.3 hadi 0.1 kwa dakika.

Upinzani huo ni wa juujuu. "Tafadhali msiguse" ni kauli ambayo limbukeni husikia akiwa anafunga mikanda na mzoefu haisikii kabisa, kwa kuwa ameisikia mara mia. Kauli inayofanya kazi ni ile inayomfundisha limbukeni asichokijua, kwa muda wa kutosha, au ile inayomfikia mtu yeyote, awe bingwa au mgeni, wakati mkono wake ukiwa njiani. Zote mbili zinamhitaji msemaji mwenye mamlaka, na katika pwani ya Afrika Mashariki msemaji huyo ni nahodha au msaidizi wake.

Hapo ndipo Kizimkazi panapokuwa pagumu. Nahodha wa Kizimkazi anawajua pomboo kuliko mtalii yeyote na kuliko watafiti wengi, na baadhi ya mazungumzo ya hifadhi yanayomchora kama mharibifu asiyeelewa ni ya kumdhulumu. Anaelewa. Lakini analipwa na mtu aliyepanda boti mara moja katika maisha yake, asiyejua tofauti kati ya pomboo anayecheza na pomboo anayekimbia, na ambaye bakshishi yake hutegemea umbali. Akizima injini na kungoja, abiria wake wataitazama boti ya jirani iliyoingia katikati ya kundi, nao watauliza kwa nini wao wameletwa na nahodha mwoga. Miongozo ya kuwatazama pomboo iliwahi kutungwa kwa ajili yake, na watafiti wametaja mara kwa mara kwamba haifuatwi. Si ajabu. Mwongozo wa hiari unamtaka nahodha mmoja apoteze kipato ili nahodha wa pili akichukue. Leseni inayoweza kufutwa humpa kila nahodha kisingizio chema cha kusema "hapana", kwani jirani naye amefungwa na sharti hilohilo.

Pomboo wa Kizimkazi ni wakazi. Hawapiti kwa msimu kama nyangumi. Wanaonekana katika maji hayo mwaka mzima, na wengi hutambulika mmojammoja kwa alama za mapezi yao ya mgongoni. Mtalii hukutana nao asubuhi moja, nao hukutana na watalii karibu kila asubuhi. Jike anayenyonyesha leo amekwisha kuzizoea injini hizo kwa maana ya kuzijua, hali bado anazikimbia, na mtoto wake anajifunza kukimbia kabla hajamaliza kunyonya. Boti ya kwanza huondoka ufuoni mapema, kabla jua halijawa kali, na manahodha huelewana kwa simu ni upande gani wameonekana.